Kijiji kisaini nini? Mkataba wa kulinda msitu pamoja na serikali, na niliyoyaona miaka tisa kwenye kamati ya maliasili

KatibuMstaafu

Wanajamvi, salaam.

Kijiji jirani na chetu kimeletewa rasimu ya mkataba wa kusimamia kwa pamoja msitu wa lindimaji, yaani unaolinda vyanzo vya maji, ulio mgongoni mwao. Msitu ni wa serikali na mpaka wake uliwekwa tangu enzi za mkoloni. Jumamosi ya wiki ijayo wana mkutano mkuu, na wametuomba watu watatu twende tukaeleze tulichopitia sisi. Nilikuwa katibu wa kamati ya maliasili kwa miaka tisa, huku mkoa wa Lindi. Kijiji sitakitaja, maana baadhi ya nitakayosema yanawahusu watu ninaosali nao kila Ijumaa. Naandika hapa mapema ili kama nimekosea nisahihishwe kabla sijasimama mbele ya watu.

Rasimu nimeisoma mara mbili. Wajibu wa kijiji umeandikwa kwa urefu: doria, kuzima moto, kufyeka mpaka, kuzuia mifugo, kutoa taarifa za wahalifu, kutunza kitalu cha miche. Haki za kijiji ni kuokota kuni kavu siku mbili kwa wiki, uyoga, dawa, kutundika mizinga, na kuingia kwenye matambiko kwa kibali. Kuhusu fedha ipo sentensi moja tu, kwamba mgawanyo wa mapato utafuata miongozo itakayotolewa. Lini itatolewa, hapana neno.

Kwa wasiofuatilia mambo haya: Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ina njia mbili za kumshirikisha mwanakijiji. Njia ya kwanza ni msitu ulio kwenye ardhi ya kijiji. Kijiji kikipima mpaka, kikaandika mpango wa usimamizi na sheria ndogo zikapita halmashauri ya wilaya, msitu unakuwa hifadhi ya kijiji. Kijiji ndicho meneja, kinakamata, kinatoza faini, kinauza na mapato yanabaki kwake. Njia ya pili ni hii waliyoletewa majirani: msitu unabaki wa serikali, kijiji kinaingia mkataba wa kuusimamia pamoja nayo. Zote mbili tunaziita "usimamizi shirikishi", na kwa kuwa jina ni moja, watu hudhani wanachosaini ni kile kile walichosikia kimewatajirisha wenzao wa Kilwa.

Sisi tulipita njia ya kwanza. Tuna mninga, mkongo, mpangapanga na mpingo kiasi. Kabla ya hapo mpasuaji alikuja na kibali kutoka mjini, akakata, akapakia, akaondoka. Kijiji tulibaki na maranda na barabara iliyochimbika. Baada ya msitu kuwa wetu, mnunuzi anafika kwanza ofisi ya kijiji. Tunakwenda naye porini, mti unapimwa, nyundo ya alama inagongwa kwenye gogo na kwenye kisiki, analipia, ndipo gari linapewa hati ya kusafirishia. Mara ya kwanza fedha zilipoingia kwenye akaunti, mwenyekiti alirudi benki na karatasi ya salio akaishika mfukoni njia nzima asiiache kwenye begi.

Kisha tukaharibu wenyewe, na hili ndilo hasa nataka wenzetu wa jirani walisikie. Mwaka wa pili taarifa ya mapato ilisomwa kwenye halmashauri ya kijiji, haikufika mkutano mkuu. Sijui kama kuna shilingi iliyoibwa. Nilikuwa natunza vitabu na naamini haikuibwa. Lakini mwanakijiji hakuona vitabu, aliona mweka hazina ameezeka bati. Bati lile lilikuwa la ufuta wake. Nani angeamini? Kiangazi kile walinzi walianza kusema miguu inauma. Kundi la doria la watu kumi na wawili likawa watano, kisha wawili, na mimi mmoja wao. Mwezi wa tisa tulikuta visiki vibichi vya mkongo mahali ambapo misumeno ilikuwa ikisikika hadi kijijini, na hakuna aliyekuja kusema.

Tulirudi kwenye mstari kwa jambo dogo. Kila uuzaji tukauandika kwa kalamu nzito kwenye karatasi kubwa, tukabandika ukutani nje ya ofisi: tarehe, idadi ya magogo, kiasi kilicholipwa, kilikokwenda. Mkutano mkuu ukaanza kusomewa kila robo mwaka. Walinzi walirudi mmoja mmoja, hatukumwita mtu.

Ndiyo maana naiona rasimu hii ina shimo. Sisi tulikuwa na mapato, na bado kuyaficha kidogo tu kulivunja ulinzi. Wao wanaombwa waanze ulinzi wakati sentensi ya mapato haina kitu ndani. Mwelekeo wangu ni kuwashauri wasisaini kama ilivyo. Nisikieni, kisha nisahihisheni.

---

Mkazi_Ubungo

Mkuu nakuheshimu, ila tuseme ukweli. Wanaomaliza misitu ni wanavijiji wenyewe. Mkaa unaotua hapa mjini kila alfajiri haukuchomwa na waziri. Ukiwapa watu msitu wakausimamie, umemkabidhi fisi bucha. Serikali iweke askari wa kutosha, iishe.

---

KatibuMstaafu

Mkazi_Ubungo, hoja yako si mpya, na ilishajaribiwa. Kule Babati kuna msitu wa miombo unaitwa Duru-Haitemba, hekta zipatazo 9,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuutangaza kuwa hifadhi yake, ikaanza kupima mpaka. Habari zilipofika vijijini kwamba msitu unachukuliwa, watu waliingia kukata kabla haujafungwa. Kwa macho ya mwanakijiji ilikuwa hesabu rahisi: kesho si wangu, basi leo nichukue. Askari waliongeza hasira tu, mti haukupona.

Mwaka 1994 likaja wazo la kuwaachia vijiji. Vijiji vinane, Duru, Riroda, Gidas, Ayasanda na vinginevyo, viligawana msitu kila kimoja kipande chake, vikachagua walinzi kutoka kwa vijana wao, vikaandika sheria, na mwaka 1995 sheria ndogo zao zikapitishwa wilayani. Waliokuwa wakikata ndio walioanza kuwakamata wakataji. Uzoefu wa pale na wa msitu wa Mgori kule Singida ulichangia sana Sera ya Misitu ya 1998 na sheria hii ya 2002 ninayoitaja. Kwa hiyo ukisema "wanavijiji" taja kwanza ni wanavijiji wenye msitu au wasio na msitu, maana ni watu wale wale na matendo mawili tofauti.

Na tukumbuke karibu nusu ya misitu ya Tanzania bara iko kwenye ardhi ya vijiji. Askari wa kuizunguka yote hiyo utawatoa wapi?

---

Ng'wana_Meatu

Wakuu, kwetu Usukumani hili halikuanzia kwenye sheria ya 2002. Babu zetu walikuwa na ngitili: unafunga eneo wakati wa masika, majani yanakua, unafungulia ng'ombe kiangazi kikikaza. Operesheni ya vijiji miaka ya 1970 ilipowahamisha watu, ngitili nyingi zikafa kwa sababu mtu alihamishwa mbali na aliyokuwa akiitunza. Shinyanga ikawa karibu jangwa. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Baadaye zikahesabiwa kwa mamia ya maelfu ya hekta, na sehemu kubwa ya hizo haikupandwa kwa miche. Ardhi ilifungwa, visiki na mizizi iliyokuwa chini ikachipua yenyewe.

Nani alifunga? Dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, iliamua, sungusungu wakasimamia. Mabwana misitu walipokuja na miche yao mwanzoni watu hawakujali sana. Walipouliza "ninyi zamani mlikuwa mnafanyaje?" ndipo kazi ikaanza. Naomba katibu uwaulize jirani zako: rasimu hiyo iliandikwa baada ya nani kuulizwa?

---

KatibuMstaafu

Ng'wana_Meatu, umenigusa. Iliandikwa mjini. Wazee wawili wanaojua chemchemi zote za msitu ule hawajawahi kuitwa. Nimeliandika hilo kwenye daftari langu.

---

BintiWaKuni

Shikamoo baba katibu. Mimi nimeolewa kijiji chenye mkataba wa aina hiyo, mkoa mwingine. Nataka kuongeza upande ambao wote mmeupita.

Msitu ulipowekewa utaratibu, kuni ziliruhusiwa siku mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi. Alhamisi ni siku ya mnada kwetu, sisi ndio tunaouza mboga na maandazi. Kwa hiyo siku ni moja. Siku hiyo moja ukiwa na mgonjwa, au umefiwa, wiki imepita. Mkutano uliopanga siku hizo ulifanyika saa mbili asubuhi, wanawake tuko kisimani. Kamati ina wanawake watatu kwa sababu mwongozo ulitaka wawepo, na mmoja alijua kwamba ni mjumbe siku picha ilipopigwa.

Bibi mmoja mfinyanzi alikamatwa na kuni mbichi za kuchomea vyungu. Faini aliyotozwa inazidi bei ya vyungu vyake vya mwezi mzima. Nakubali alivunja sheria. Lakini sheria ile haikumjua mfinyanzi, na yeye amefinyanga tangu kabla mlinzi aliyemkamata hajazaliwa.

Waambieni hao wa jirani wasiangalie fedha za mapato tu. Waangalie ni nani analipa gharama ya kufunga msitu, maana ni sisi, na tunailipa kila siku kabla ya jua kuchomoza.

---

KatibuMstaafu

Marahaba mwanangu. Nimesoma ujumbe wako nikakumbuka kwamba katika miaka tisa yangu sikuwahi kuuliza siku za kuni zinaangukia siku gani ya gulio. Nakiri kosa hilo. Nitaomba mkutano wa wanawake ufanyike peke yake, Ijumaa jioni, kabla ya huo mkubwa.

---

Mchoma_Halali

Niko Kilosa. Mkazi_Ubungo ametaja mkaa, nimjibu kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Hapa kulikuwa na mradi ulioendeshwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili pamoja na MJUMITA, yaani mtandao wa jamii wa usimamizi wa misitu. Vijiji vilitenga sehemu ya msitu wao kwa ajili ya mkaa, ikagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50. Unavuna kitalu kimoja, cha pembeni yake unakiacha, kama ubao wa drafti. Mti hung'oi. Unaukata ukiacha kisiki kirefu kiasi ili kichipue, na kitalu hakirudiwi mpaka miaka 24 ipite. Miti ya mbao, yenye mizinga, na iliyo kando ya mito haiguswi. Mchomaji analipia kijiji kabla hajajenga tanuri.

Nilikuwa mchoma mkaa wa usiku. Usiku unakata chochote kilicho karibu na njia, unachoma haraka, unauza kwa bei anayotaka mwenye gari kwa sababu anajua huwezi kumshtaki. Sasa nachoma mchana, tanuri langu nalipanga vizuri na nalikalia mpaka liive. Huyo fisi wa kwenye mfano wako ni mimi, na kitalu changu cha kwanza leo kina machipukizi yanayonipita urefu.

---

Mkazi_Ubungo

Mchoma_Halali, samahani kaka. Nilizungumza kwa jumla na sikuwa najua hili la vitalu. Narudisha neno langu la fisi.

---

MvuviWaGazi

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi ni wa Kwale, Kenya, na napinga kidogo hoja ya katibu kwamba mkataba juu ya msitu wa serikali ni mtego.

Mikoko yetu ni mali ya serikali. Mwananchi hawezi kuidai. Hata hivyo vijiji vya Gazi na Makongeni, kupitia chama cha misitu cha jamii, vina makubaliano na shirika la misitu, na tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unatunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, yaani mnunuzi analipia hewa chafu ambayo mikoko inaivuta na kuihifadhi. Fedha zikifika, wanakijiji hukaa na kuamua: maji ya bomba, vitabu vya shule, dawa. Maji yale nayanywa mimi, siyasikii kwa watu.

Mambo mawili yalisaidia. Wanasayansi wa utafiti wa bahari wapo papo hapo Gazi kwa miaka mingi, walipanda mikoko na watu kabla hajatajwa mtu wa fedha. La pili, watu walihitaji nguzo za kujengea. Ukimkataza mtu boriti ya mkoko lazima umpe nyingine, kwa hiyo mivinje ilipandwa nchi kavu ikatwe badala yake. Kina mama nao wana daraja lao la mbao ndani ya mikoko, wageni wanalipa kupita.

Kwa hivyo si umiliki peke yake. Ni kama fedha zimeandikwa zinaingia wapi na nani anaamua.

---

KatibuMstaafu

MvuviWaGazi, ahsante sana. Umenisogeza. Nilikuwa nakwenda kuwaambia wasisaini, sasa naona niwaambie wadai sentensi ile ijazwe. Swali: mnunuzi wa hewa ukaa asipokuja mwaka fulani, doria inaendelea?

---

MvuviWaGazi

Inaendelea kwa sababu samaki na kamba wanazaliwa mle ndani, na hilo kila mvuvi analijua kwa mkono wake. Lakini sitakuficha, mwaka wa fedha chache maneno huwa mengi.

---

BwanaMisitu_74

Nimefanya kazi ya misitu serikalini miaka mingi, sasa nimestaafu. Niseme upande wangu, kwa nia njema kabisa.

Afisa mmoja, pikipiki moja, mafuta ya wiki mbili kwa mwezi, na msitu ambao kuuzunguka kwa miguu ni siku nne. Hiyo ndiyo hali niliyoishi nayo. Bila vijiji nisingelinda hata chanzo kimoja cha mto. Kwa hiyo serikali inapoleta mkataba, mara nyingi afisa aliyeubeba anauhitaji kuliko kijiji. Jirani zako walijue hilo wanapokaa mezani, wana nguvu kuliko wanavyodhani.

Ni kweli pia kwamba msitu wa lindimaji hauwezi kuvunwa mbao. Anayewaahidi mbao anawadanganya, kwa sababu miteremko ile ikifunuliwa mto unakauka kiangazi na masika unabeba mashamba. Kwa hiyo mapato ya pale ni madogo kwa asili yake: faini, ada za watafiti na wageni, asali. Nimeona mikataba iliyokaa makabatini miaka bila saini ya upande wa serikali huku wanavijiji wakiendelea na doria kila wiki wakiamini mkataba upo. Hilo linaniumiza mpaka leo. Nilikuwa nawasalimia walinzi wale njiani, sina la kuwaambia.

Ushauri wangu, katibu. Waombe faini ya mhalifu waliyemkamata wao igawanywe kwa asilimia iliyotajwa kwenye mkataba wenyewe. Waombe tarehe ambayo pande zote zitakuwa zimesaini, na kwamba ikipita bila saini wajibu wa doria unasimama. Pia waulize maji ya mto ule yananywewa na nani. Milima ya Uluguru, wakulima wa Kibungo Juu waliwahi kulipwa kwa kutunza mteremko unaolisha Mto Ruvu, na miongoni mwa walipaji lilikuwa shirika la maji la Dar es Salaam. Haikuwa fedha nyingi, ila mkulima wa mlimani alilipwa na mnywaji wa mjini, na kwa msitu wa maji hiyo ndiyo bidhaa.

---

KatibuMstaafu

Mzee BwanaMisitu, hayo maneno ya tarehe ya saini nayachukua yote kama yalivyo. Mto ule unapeleka maji kwenye mji mdogo wa tarafa, na bomba lake nalifahamu.

---

KatibuMstaafu

Narudi kuwapa mrejesho kama nilivyoahidi watu wawili walioniandikia faragha.

Ijumaa jioni wanawake walikutana shuleni, nasi wanaume tukakaa nje. Walitoka na karatasi moja. Walitaka siku tatu za kuni, wao wenyewe wachague zipi, na wafinyanzi waandikwe kwa majina na kupewa eneo la kuni zao. Walitaka pia mkutano wowote wa kamati uanze saa kumi jioni. Jumamosi karatasi ile ilisomwa na mama mwenyewe aliyeiandika, na mwenyekiti hakuirekebisha hata neno.

Mimi nilisimulia habari ya bati la mweka hazina. Palikuwa kimya, nadhani kila kijiji kina bati lake. Kisha nikawaeleza habari za Gazi na za tarehe ya saini. Afisa aliyeleta rasimu alikuwepo, na kwa kweli alikuwa mtu msikivu. Alikubali asilimia ya faini iandikwe, akasema la maji ni lazima alipeleke juu kwanza. Mzee mmoja akamuuliza mpaka wa kaskazini unapita juu ya chemchemi au chini yake. Ramani iliyokuwa mezani ilionyesha chini. Wazee wakasema jiwe la mkoloni liko juu, wamelikalia wakichunga tangu wadogo. Hapo mjadala ukawa mrefu kuliko fedha zote tulizozungumza.

Hawakusaini. Mkutano umeahirishwa hadi baada ya kuvuna ufuta. Wiki hii afisa, wazee wale wawili na vijana wanne wanapanda kulitafuta jiwe, na mimi nimeombwa niende nao nikaandike.

Mwenye kujua bei ya sasa ya mizinga ya kisasa huku kusini aniandikie, akina mama wameuliza na sikuwa na jibu.